Matogoro Katika Habari: Vyombo vya Mtandaoni vya Ruvuma na Mazingira

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, umejengwa chini ya safu ya milima ya Matogoro, na kinachoufunga mji huo na milima yake ni maji kabla ya kitu kingine chochote. Katika milima hiyo ndimo unamoanzia mto Ruvuma, ambao husafiri takribani kilomita 800, sehemu kubwa ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hadi kuingia katika Bahari ya Hindi. Humo pia ndimo unamotoka mto Luhira, ambao Mamlaka ya Maji na Usafi wa Mazingira Songea, maarufu kwa kifupi cha SOUWASA, huutegemea kuwapatia maji wakazi wa mjini, na vilevile mto Luegu, ambao maji yake hujiunga na mfumo wa Rufiji, mto unaozungusha mitambo ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kufua umeme wa megawati 2,115. Msitu wa hifadhi wa Matogoro, kwa hiyo, una wategemezi hadi Msumbiji, Mtwara na Dar es Salaam, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake.

Swali la sura hii ni jinsi mahali kama hapo, pamoja na mkoa unaopazunguka, panavyoelezwa katika vyombo vya habari vya mtandaoni vinavyofanya kazi huko. Habari zenye neno "mazingira" hazikosekani mkoani Ruvuma. Tatizo liko kwenye ratiba inayozizalisha, kwa kuwa habari hizo hufuata siku za maadhimisho na ziara za viongozi, wakati mto hukauka, udongo humomonyoka na msitu hupungua siku ambazo hakuna mgeni rasmi. Pengo kati ya ratiba hizo mbili ndilo linaloamua mkazi wa Songea atajua nini kuhusu maji anayokunywa, na ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko idadi ya habari zinazochapishwa.

Maneno "chombo cha habari cha mtandaoni cha mkoa" yanahitaji maelezo, kwa sababu yanabeba vitu visivyofanana. Katika kundi hilo zimo tovuti ndogo za habari zinazoendeshwa na mwandishi mmoja au wawili, televisheni za mtandaoni ambazo kwa kweli ni chaneli za YouTube, kurasa za Facebook na Instagram za redio za mkoani, na makundi ya WhatsApp ambamo habari husambazwa kabla hazijahaririwa. Zimo pia tovuti za serikali, kwani mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilipata tovuti rasmi zenye muundo mmoja, chini ya mradi wa kuimarisha mifumo ya sekta ya umma uliofadhiliwa na Marekani, na tangu hapo maofisa habari wa halmashauri wamekuwa wazalishaji wakubwa wa habari za mikoani. Juu ya hao wote yapo matoleo ya mtandaoni ya magazeti ya kitaifa kama Mwananchi, HabariLeo na Nipashe, ambayo hupokea habari kutoka kwa waandishi wa mikoani, wengi wao wakiwa hawana ajira ya kudumu na hulipwa kwa kila habari inayotumika.

Songea haikuwa ngeni katika utangazaji kabla ya intaneti, kwani Radio Maria Tanzania ilianzia huko mwaka 1996, lakini gazeti la kuchapwa lilikuwa na safari ya karibu kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, na habari ya Ruvuma iliyochapishwa humo ilikuwa imepita kwanza kwa mhariri ambaye huenda hakuwahi kufika mkoani. Mtandao uliondoa safari hiyo. Mwandishi wa Songea alipata uwezo wa kuchapisha habari ya Songea kwa ajili ya watu wa Songea, na wenyeji wa mkoa wanaoishi mbali wakapata njia ya kufuatilia mambo ya nyumbani. Uwezo huo ulikuja na gharama. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, zilimtaka kila mtoa maudhui kusajiliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kulipa ada ya maombi ya Sh100,000, ada ya leseni ya Sh1,000,000 na ada nyingine ya kiasi hichohicho kila mwaka. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakapunguza ada, lakini kwa chombo cha mkoani chenye matangazo machache ya biashara, kila shilingi inayokwenda kwenye leseni ni shilingi ambayo haikutumika kwa nauli.

Suala la nauli si dogo katika mkoa huu. Kutoka Songea hadi Tunduru ni zaidi ya kilomita 250, na anayetaka kufika Mbamba Bay, mwambao wa Ziwa Nyasa, hulazimika kwanza kwenda Mbinga na kisha kuendelea kilomita nyingine 66 za milima na kona. Mwandishi anayelipwa kwa habari hawezi kugharimia safari hiyo mwenyewe kwa ajili ya habari moja kuhusu kupungua kwa samaki aina ya mbasa au kubomoka kwa ufukwe. Kiti anachoweza kukipata kipo katika gari la ofisi ya mkoa, la wilaya, la mamlaka ya maji au la shirika lenye mradi, na mwenye gari ndiye anayechagua siku, kijiji na mtu atakayezungumza. Kulilaumu jambo hili kama upungufu wa maadili ya mwandishi binafsi ni kukosea mahali pa kuangalia, kwa sababu hata mwandishi mwadilifu kabisa, akikosa usafiri wake, ataiona Ruvuma kupitia dirisha la msafara.

Matokeo yake yanaonekana katika umbo la habari zenyewe. Habari ya mazingira ya mkoani huandikwa kwa wingi wakati wa Wiki ya Maji mwezi Machi, wakati wa kupanda miti msimu wa mvua, wakati wa Siku ya Mazingira Duniani tarehe 5 Juni, na wakati Mwenge wa Uhuru unapopita. Kichwa cha habari huanza na cheo: mkuu wa mkoa ameagiza, mkuu wa wilaya amepiga marufuku, mkurugenzi ameongoza zoezi. Aya za kwanza hueleza agizo na idadi, aya za kati huwataja wadau na kuwashukuru, na aya ya mwisho, ikiwapo, humpa mkazi mmoja nafasi ya kupongeza. Picha ni ya kiongozi akiwa ameinama, mche mkononi. Habari ya namna hii haina uongo, na mara nyingi imeandikwa kwa Kiswahili safi, lakini imefungwa ndani ya saa mbili za hafla, wala haimwezeshi msomaji kujua kilichokuwapo kabla yake wala kilichofuata.

Upandaji miti unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mfano mwingine wowote. Kwa miaka mingi agizo la serikali limekuwa kwamba kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka, na kwa kuwa Ruvuma ina halmashauri nane, yaani Manispaa ya Songea, Songea, Madaba, Mbinga Mji, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru, lengo la mkoa mzima hufikia miti milioni 12 kila mwaka. Lengo hilo hurudiwa katika habari, na idadi iliyopandwa hurudiwa pia. Swali ambalo habari hizo huliacha ni la miti mingapi ilivuka kiangazi chake cha kwanza. Ruvuma hupata mvua katika msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi mingi ambamo hupita kile ambacho watu wa misitu hukiita moto kichaa, yaani moto usiodhibitiwa unaoanza kwenye shamba linaloandaliwa au kwa mwindaji na kuingia msituni. Mche uliopandwa Februari bila mtu wa kuutunza una nafasi ndogo ya kuuona Desemba. Jambo la pili linaloachwa ni aina ya mti, kwa kuwa mkaratusi na msindano, inayopendwa kwa mbao na nguzo, haina athari sawa kwa chemchemi na miti ya asili, na mkaratusi hasa hunywa maji mengi kiasi kwamba kuupanda kando ya chanzo cha maji kunaweza kupingana na kusudi lililotangazwa jukwaani. Habari inayosema tu "miti" imefuta tofauti hiyo.

Wataalamu wa mawasiliano wameyaeleza matatizo ya aina hii kwa muda mrefu. Mwaka 1972 mchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza kwamba umakini wa umma kuhusu suala la mazingira hupita katika mzunguko: jambo hugunduliwa kwa mshtuko, husababisha shauku kubwa ya kulitatua, kisha gharama za utatuzi zinapoeleweka shauku hupoa na jambo husahauliwa ingawa bado lipo. Miaka 39 baadaye, Rob Nixon, msomi wa fasihi aliyezaliwa Afrika Kusini, alieleza madhara ya mazingira yanayokuja taratibu, yaliyotawanyika katika miaka na maeneo, kuwa ni ukatili wa polepole, akionyesha kwamba vyombo vya habari vilivyozoea mlipuko na ajali hushindwa kuuona ukatili usio na siku ya kutokea. Kwa Songea inafaa kuongeza jambo ambalo wasomi hao hawakulilenga: mkoani, hata mshtuko wa awali anaoueleza Downs mara nyingi haupo. Mzunguko wa umakini hufuata kalenda ya serikali, unajirudia kila mwaka katika tarehe zilezile, na hauoni haja ya kuuliza kwa nini eneo lilelile linapandwa miti upya.

Suala la nani anazungumza halitenganiki na suala la ratiba. Mtafiti Robert Entman, katika makala yake ya mwaka 1993, alifafanua kwamba habari huteua baadhi ya mambo ya tukio na kuyaweka mbele kwa namna inayoeleza tatizo ni nini, nani kalisababisha na dawa yake ni ipi. Uteuzi huo huitwa uwekaji fremu. Katika habari nyingi za vyanzo vya maji vya Matogoro fremu ni moja: mwananchi anayelima, anayekata kuni au anayechoma mkaa ndiye chanzo cha tatizo, na dawa ni kumwondoa au kumpa elimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kweli inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na anayelima bustani bondeni ndani ya mita hizo anavunja sheria. Lakini mkaa unaochomwa kijijini huliwa mjini, na Manispaa ya Songea yenyewe ndilo soko lake. Wilaya za Songea na Namtumbo zimelima kwa miongo mingi tumbaku ya moshi, ambayo hukaushwa ndani ya mabani kwa moto wa kuni, na ambayo chama kikuu cha ushirika, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kiliwaunganisha wakulima wake zama za ukoloni. Kuni hizo zilikatwa kwa ajili ya zao lililohimizwa na serikali moja baada ya nyingine. Habari inayomwonyesha mchoma mkaa peke yake, bila mlaji wa mkaa na bila historia ya zao la biashara, imechagua mhusika aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo mrefu.

Udhaifu wa fremu hiyo huonekana zaidi inapowekwa kando ya kile ambacho mkoa huu unaweza kuufundisha ulimwengu. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamelima kwa zaidi ya karne moja kwa mfumo wa ngoro, ambao huanza kwa kufyeka nyasi mwishoni mwa mvua na kuzipanga katika mistari inayokatana kama miraba, kisha udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba hutupwa juu ya nyasi, na hivyo mteremko mzima hugeuka kuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Kwa desturi wanaume ndio waliofyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio waliochimba na kupanda maharage, yakifuatiwa na mahindi. Mashimo hukamata maji ya mvua yasitiririke na kubeba udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani waliusoma mfumo huu kwa kina tangu miaka ya 1990, wakionyesha kwamba unahifadhi udongo katika miteremko mikali ambako kilimo cha kawaida kingeupoteza. Hiyo ni habari ya mazingira ya Ruvuma kwa kila kipimo, lakini kwa kuwa haina uzinduzi na mwenye ngoro hana ofisa habari, hutokea mara chache mno katika vyombo ambavyo vingeweza kuifuata kwa safari ya saa chache. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa Songea anaweza kusoma kuhusu ngoro katika tasnifu za Kyoto, Japani, kwa urahisi zaidi kuliko katika habari za mkoa wake.

Habari za wanyamapori zina hadithi tofauti kidogo, na zinathibitisha kwamba mambo yanaweza kubadilika fedha zikiwepo. Wilaya za Namtumbo na Tunduru zimekaa juu ya ushoroba wa Selous na Niassa, yaani njia ambayo wanyama, tembo wakiwa mbele, huitumia kati ya hifadhi za kusini mwa Tanzania na Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Selous ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976, lakini kufikia sensa ya mwaka 2013 walikuwa wamebaki takribani 13,000 kutokana na ujangili. Ulinzi ulipoimarishwa, tembo walirudi kutumia njia zao, na wakakuta mashamba. Habari za kawaida za tukio hilo husimulia tembo walioingia kijijini, mazao yaliyoliwa na malalamiko ya kuchelewa kwa kifuta jasho, ambayo ni fedha anayolipwa aliyeharibiwa mazao, au kifuta machozi, anacholipwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira Tanzania, JET, kilichoanzishwa mwaka 1991, kimejitahidi kuipanua simulizi hiyo kwa kuwafunza waandishi kuhusu shoroba, mipango ya matumizi bora ya ardhi na jumuiya za hifadhi za wanyamapori, kwa sehemu kubwa kupitia mradi wa Tuhifadhi Maliasili uliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Marekani, USAID. Mafunzo hayo yaliwawezesha waandishi wa mikoani kuandika habari zilizouliza shamba lilianza lini na ushoroba ulipita wapi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla ya mwaka huo kwisha USAID ilikuwa imefungwa. Waandishi waliopata ujuzi bado wanao, lakini gari lililowapeleka Tunduru lilikuwa la mradi.

Pengo hilo linaonekana katika madini pia. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011 na kampuni ya TANCOAL, ambamo Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lina hisa. Kwa miaka kadhaa habari zake zilikuwa za viwanda vya saruji vya ndani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na nchi za Ulaya kuanza kutafuta makaa kila pembe, malori yalianza kushusha makaa ya Ruvuma kwa wingi katika bandari ya Mtwara, iliyozoea korosho, na shirika la habari la Reuters ndilo lililoieleza dunia mabadiliko hayo Septemba mwaka huo. Katika habari zilizoandikwa mkoani, makaa yalihesabiwa kwa tani na kwa mapato ya halmashauri. Msomaji wa Reuters alijua makaa yanakwenda wapi na kwa bei gani. Aliyekuwa na nafasi ya kueleza hali ya vumbi katika vijiji vya kata ya Ruanda, hali ya vijito vinavyopita karibu na machimbo na hali ya barabara na nyumba zilizo kando yake alikuwa mwandishi wa Mbinga au Songea, na nafasi hiyo ilitumika kidogo.

Sheria huwapa waandishi hao nyenzo na vikwazo kwa pamoja. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ziliwafanya wengi wawe waangalifu kuhusu habari inayoweza kumkera mwenye mamlaka, na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliongeza hofu ya kutoa takwimu zisizo rasmi, hadi yalipolegezwa mwaka 2019. Katika mji mdogo hofu hiyo huwa na uzito wa ziada, kwa sababu mwandishi na ofisa aliyemwandika hukutana sokoni na msibani. Upande wa pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka mwenye taarifa kujibu ombi ndani ya siku 30. Kwa habari ya kila siku, siku 30 ni nyingi mno. Kwa habari ya mto, ambao mabadiliko yake hupimwa kwa misimu, siku 30 si kitu, na ajabu ni kwamba nyenzo inayoendana na mwendo wa mazingira imeachwa na vyombo ambavyo mwendo wao ni wa haraka.

Hapo ndipo sifa ya mtandao isiyotumika inapojitokeza. Gazeti la jana hufungiwa maandazi, na redio ikishasema imesema, lakini ukurasa wa mtandaoni hubaki, unaweza kuongezwa, na unaweza kuunganishwa na ulioutangulia. Chombo cha Songea kinaweza kuwa na ukurasa mmoja wa mto Luhira unaojazwa kila mwezi kwa mambo machache yasiyobadilika: picha iliyopigwa mahali palepale, kina cha maji kama kinavyosomwa na mamlaka husika, siku za mgao mjini, moto ulioonekana milimani. Maofisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, hupima mtiririko wa mito kwa kazi yao ya kutoa vibali vya matumizi ya maji, na vipimo hivyo ni taarifa za umma. Picha za setelaiti zinazoonyesha kupungua kwa miti zinapatikana bure kupitia jukwaa la Global Forest Watch, na mtu mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kuitazama Matogoro ya mwaka 2001 na ya miaka ya karibuni. Kazi hii haihitaji gari la msafara. Inahitaji mtu anayerudi mahali pamoja, na mhariri anayekubali kwamba habari ya "maji yamepungua kuliko Oktoba iliyopita" ina thamani hata kama hakuna kiongozi aliyeitamka. Nukta Africa, kampuni ya habari ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2018, imeonyesha kwamba uandishi wa takwimu kwa Kiswahili unawezekana na una wasomaji. Kinachokosekana mikoani ni kuutumia kwa mambo yaliyo karibu. Klabu ya waandishi ya mkoa, ambayo huwakutanisha watu wa redio, wa magazeti na wa mtandaoni, ingefaa kuubeba mzigo wa ukurasa kama huo kwa pamoja, kwani chombo kimoja kikifungwa kumbukumbu yake hupotea nacho, kama ilivyokwisha kutokea kwa tovuti nyingi ndogo ambazo wenye nazo walishindwa kulipia jina la tovuti.

Hakuna mahali ambapo kumbukumbu ya namna hiyo inahitajika kwa haraka kuliko Namtumbo, kwenye mradi wa urani wa Mto Mkuju. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ilipokutana St. Petersburg nchini Urusi, iliridhia mpaka wa pori hilo ubadilishwe ili kipande chenye madini, chini ya asilimia moja ya eneo lote, kitolewe. Mradi ulikwisha kuingia mikononi mwa Uranium One, kampuni iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Bei ya urani ilikuwa imeporomoka baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, na kwa miaka mingi mradi ulisinzia, na habari zake mkoani zikasinzia nao. Mwishoni mwa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani, na kwa siku kadhaa vyombo vyote, vikubwa na vidogo, vilijaa habari za ajira, uwekezaji na nafasi ya Tanzania miongoni mwa wazalishaji wa urani duniani.

Mambo hayo yana haki ya kuandikwa, na wakazi wa Namtumbo wana haki ya kuyatumaini. Lakini uchimbaji wa urani huacha mabaki, yaani mchanga na tope lililotolewa madini, ambamo hubaki elementi nyingine zenye mionzi kama radiamu, ambayo huchukua takribani miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usalama wa maji ya eneo hilo hutegemea jinsi mabaki hayo yanavyohifadhiwa, na namna pekee ya kujua kama maji yamebadilika ni kuyalinganisha na yalivyokuwa kabla. Wataalamu huviita vipimo vya kabla ya mradi taarifa za msingi: kiwango cha urani na mionzi ya asili katika visima, mito na udongo, kikipimwa sehemu zilezile, msimu wa mvua na wa kiangazi. Baadhi ya vipimo hivyo vimo katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyowasilishwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na ufuatiliaji wa mionzi ni jukumu la kisheria la Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Taarifa hizo zinaweza kuombwa sasa, kwa barua, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Habari, zikaelezwa kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Likuyu Seka anakielewa, na zikawekwa mahali ambapo zitasomeka baada ya miaka 20. Mgodi mkubwa ukishaanza kazi, maji ya kabla yake hayapimiki tena.